Meza Yenye Ufizi

3 Februari

Mkwe wangu,

Kesho kutwa litakufikia lori la mbao. Usishtuke. Dereva nimemwagiza akushushie ubao mmoja na magogo mawili mafupi, na asiondoke mpaka uweke sahihi. Ubao una urefu wa mita mbili na robo na unene wa vidole vitatu. Upana wake usiniulize, haulingani popote. Upande mmoja una tumbo, upande wa pili umebonyea. Ndivyo mti ulivyoota, na ndivyo utakavyobaki.

Nimeukausha ghalani kwangu miaka tisa. Wateja wameulilia, nimewanyima. Sasa binti yangu ameandika kwamba mpaka leo mnakula mmepakata sahani, miaka minne ya ndoa, kama watu wanaosubiri treni. Basi hii ni zawadi ya harusi. Imechelewa, najua imechelewa, tusiizungumze.

Sharti ni moja. Meza utaitengeneza wewe, kwa mikono yako. Usimpelekee seremala. Seremala ni mimi, miaka arobaini na mmoja, na kama ningetaka itengenezwe na seremala ningeitengeneza mwenyewe. Nitakuelekeza kwa barua. Simu siipendi, unalijua hilo.

La kwanza: usiukate ubavu. Watu wasiojua wataona ukingo umejipinda, watakushauri uunyooshe kwa msumeno. Wasikilize, washukuru, uwaonyeshe mlango.

Baba Mkwe


11 Februari

Baba, shikamoo.

Ubao umefika. Waliushusha wanaume wanne, na mmoja wao akaniuliza kama nimeagiza daraja. Nimeulaza uani, nyuma ya karakana yangu, juu ya matofali, nikaufunika turubai.

Sharti lako nimelikubali. Najua unalojiuliza: mtu wa meno ya bandia atayawezea wapi mambo ya mbao? Baba, mimi nachonga vitu vidogo kuliko kucha ya mtoto, na vikizidi unene wa karatasi tu, mwenyewe anarudi kesho yake ameshika shavu. Meza haina shavu. Nipe wiki nane.

Nami nina sharti langu, kwa heshima zote. Meza ikikamilika, uje ule juu yake. Tangu nimuoe binti yako hujakanyaga kwetu. Siku ya harusi ulikuwa na homa. Mwaka uliofuata tulipokuja kukuamkia, ulisema umeshakula, ukakaa pembeni na gazeti. Mke wangu hasemi kitu, lakini kila tukialika wageni namwona anatazama mlango hata baada ya wote kufika. Nataka siku moja autazame uingie wewe. Sitaki kingine kwa kazi hii.

Mkweo,
Fundi Meno


19 Februari

Mkwe,

Marahaba. Majivuno yako nimeyapenda. Mtu akiogopa ubao, ubao unajua.

Tuanze na gome. Binti yangu ataliona zuri, atakuambia uliache. Usimsikilize, nami nimemlea, namjua. Gome lina wadudu, na litadondoka vipande vipande kwenye chakula chenu. Libandue kwa patasi butu, taratibu, bila kuujeruhi mti ulio chini yake. Chini ya gome utakuta ngozi laini ya rangi ya asali. Hiyo ndiyo tunayoitaka.

Kisha randa. Fuata nyuzi za mti. Randa ikianza kuruka na kung'oa vipande, unakwenda kinyume, geuka. Usilazimishe. Na usimwite jirani mwenye mashine, mashine itakumalizia kazi kwa saa moja na hutakuwa umejifunza chochote.

Magogo mawili ni ya miguu. Yaache kwanza.

Kuhusu safari, tutaona. Mgongo unanisumbua siku hizi.

Baba Mkwe


10 Machi

Baba, shikamoo.

Gome limetoka. Patasi butu sikuwa nayo, nikatumia kijiko cha kukwangulia nta ninachotumia kazini. Imenichukua jioni sita. Wateja wangu wakichungulia dirishani wananikuta nimepiga magoti nakwangua mti kama mtu anayesafisha meno ya kiboko. Mzee mmoja amesema kama ndivyo ninavyofanya kazi, yeye ataenda kwingine. Akarudi baada ya siku mbili kuuliza nimefika wapi.

Ile ngozi ya asali nimeiona. Nilimwita mke wangu aje aione. Akaipapasa kwa kiganja tangu kichwani mpaka mwisho, akasema, "Baba alikuwa akinipeleka ghalani niupapase huu."

Randa nimeishika kinyume siku mbili nzima. Ya tatu tukaelewana. Sasa ukiinama na kuutazama ubao kwa usawa wa jicho, ni maji yaliyotulia, isipokuwa mwisho wa upande wenye tumbo. Pale kuna ufa, urefu wa mkono wangu, na ndani yake kishimo kinachopitisha kidole. Nifanye nini?

Mgongo unaendeleaje? Kuna basi lenye viti vya kulala. Nitakukatia tiketi ya kiti cha mbele.

Fundi Meno


17 Machi

Mkwe,

Unaendelea vizuri. Nakuambia mara hii moja, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ufa ni wa kawaida, mti haukauki bila kulalamika. Chonga kipande kigumu cha mbao chenye umbo la kipepeo, kiuno chembamba na mbawa mbili. Kiweke katikati ya ufa, ubavu huu na ule, chimba umbo hilohilo kwenye ubao kina cha nusu kidole, ukipige kiingie na gundi. Kipepeo ataushika ufa usiende mbele. Kishimo kijaze kwa unga wa msumeno uliokorogwa na gundi. Hapo utajua kama kweli mikono yako ni ya mambo madogomadogo.

Safari haiwezekani sasa. Goti limevimba, halafu kuku wameatamia, na mama mkwe wako peke yake hawawezi.

Baba Mkwe


2 Aprili

Baba, shikamoo.

Kipepeo ameingia kwa nyundo mbili tu, hata ukucha haupiti. Nakusimulia hilo kwanza ili unisamehe linalofuata.

Unga wa msumeno na gundi vilizama kwenye kishimo kile mara tatu. Kila asubuhi nakuta pamebonyea. Mara ya nne nikakasirika. Nikaingia ndani, nikachukua unga wangu wa kazi, ule tunaotengenezea ufizi wa meno ya bandia, nikaukoroga na maji yake. Nilikusudia kuutia rangi ya mti. Lakini vitu vile vinaganda upesi, na mteja akanigongea mlango. Niliporudi ulikuwa umeshakuwa jiwe. Baba, meza yako ina ufizi. Rangi ya waridi, mbichi kabisa, kama mdomo wa mtoto mchanga. Nilijaribu pia kwenye kipande cha mbao iliyobaki. Nakutumia hicho ndani ya bahasha, ukitazame, uniambie namna ya kuung'oa bila kuharibu ubao.

Sasa la pili, na hili sina mchezo nalo. Tangu Februari umeumwa mgongo, goti, na kuku wako wakaatamia. Mimi si mtoto. Mtu anayetaka kuja hatoi visababu vitatu kwa wiki sita. Kama hukupenda binti yako aolewe na mimi, niambie wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Nitaumia, lakini nitamaliza meza na sitakuuliza tena. Nisichoweza ni kuendelea kumdanganya mke wangu kwamba unakaribia kuja.

Nisamehe kwa ukali. Nimeupima usiwe zaidi ya unaostahili.

Fundi Meno


9 Mei

Baba, shikamoo.

Naandika bila mume wangu kujua. Ulimjibu nini? Kama hukumjibu, basi hilo ndilo jibu, na amelielewa. Ubao umelala uani zaidi ya mwezi, umefunikwa. Kabla ya hapo alikuwa anarudi nyumbani ana vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, anapiga mluzi. Siku hizi anarudi msafi.

Sijawahi kukuuliza kuhusu siku ya harusi. Mjomba alisimama mahali pako, akasoma nasaha zako kwenye karatasi, na alisoma vibaya, anarukaruka mistari. Nikajiambia, Baba anaumwa, Mungu amponye. Kisha jioni yake Mama akapiga simu, nikamuuliza homa imeshuka? Mama, naye hajui kusema uongo, akasema umekaa nje unanoa patasi. Baba, mtu mwenye homa hanoi patasi. Nimelibeba hilo miaka minne.

Mume wangu anakuheshimu mpaka anaudhi. Nimemchagua mimi na sijutii hata siku moja. Kama humtaki, sema. Niumie mara moja nimalize.

Binti yako


17 Mei

Mkwe wangu,

Barua hii isome ukiwa peke yako. Nimeiandika mara nne, tatu nimewashia jiko.

Sina meno.

Yalianza kuniacha kabla hamjachumbiana. Moja lililegea, nikalitoa mwenyewe kwa koleo, kwa sababu mimi ni fundi na fundi hapeleki kazi kwa fundi mwingine. Huo ndio upumbavu wangu, umenigharimu yote. Kufikia harusi yenu yalikuwa yamebaki manne, na hayakuelewana. Chakula ananipondea mama mkwe wako. Mkate nauloweka. Nikisema maneno mengine yanatoka upepo mtupu, ndiyo maana siipendi simu.

Siku ile nilivaa. Nilipiga pasi koti mwenyewe. Nikafika kituo cha basi, nikakaa, nikafikiria. Baba wa bibi harusi anasimama, anazungumza mbele ya watu, anakula meza ya mbele. Na bwana harusi ni nani? Mtu wa meno. Na wageni wa bwana harusi? Nusu yao watu wa meno. Nikaona ningefungua mdomo, wote wangeacha kusikia ninalosema, wangenihesabu. Nikasimama, nikarudi nyumbani. Homa haikuwepo. Nilinoa patasi mpaka giza likaingia kwa sababu sikujua kingine cha kufanya na mikono.

Sikuwahi kukudharau. Nilikuogopa. Binti yangu aliponiambia kazi yako, nilidhani ananitania.

Ile meza nilikupa uitengeneze wewe ili niwe na la kuzungumza na wewe kwa maandishi, mahali ambapo huoni mdomo wangu. Nilikuwa nimeridhika na hilo. Ukaja na sharti lako la kula.

Kipande ulichonitumia kilifika. Nilicheka peke yangu ghalani. Kisha nikakibana, nikakipitishia randa, kwa hasira, niung'oe huo uwaridi wako nikuonyeshe. Randa ilipita juu ya mti na juu ya ufizi bila kukwama. Nikajaribu patasi. Mti ulikatika, lakini ulipokutana na ule ufizi haukuachia. Gundi yangu ya miaka arobaini na mmoja haishiki hivyo. Nimekuwa nikitembea na kipande hicho mfukoni wiki tano, Mkwe, najiuliza nikuombe au nisikuombe. Halafu ikaja barua ya binti yangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi karibu niwafishe wengine kwa maradhi yangu.

Basi nakuomba. Nitengenezee. Na binti yangu usimwambie.

Baba Mkwe


24 Mei

Baba, shikamoo, tena shikamoo.

Barua yako nimeisoma uani, nimekaa juu ya ubao. Nilipomaliza nilitaka kukuandikia mambo mengi kisha nikakumbuka kwamba wewe ni mtu wa kazi, nami pia. Tuzungumze kazi.

Njoo tarehe 28 Juni. Nitakupokea stendi mwenyewe. Yale manne tutayatoa kwa daktari ninayefanya naye kazi, mikono yake ni myepesi na mdomo wake umefungwa. Nitachukua kipimo cha ufizi kwa nta, nitachonga, utajaribu, nitarekebisha, utajaribu tena. Seti ya kwanza utaivaa kwa muda, ufizi ukipona nitakuwekea sawa zaidi. Siku mbili za mwanzo utaona umewekewa kiatu mdomoni. Utanichukia. Wote hunichukia. Nimemtengenezea hakimu, nimemtengenezea mpiga tarumbeta, nimemtengenezea bibi harusi wa miaka sitini na tatu aliyetaka yawe meupe kuliko gauni. Wewe hutanishinda.

Mke wangu nitamwambia unakuja kukagua meza na kunisaidia kufunga miguu. Si uongo, miguu sijaigusa, na sijui namna ya kuifunga ubao usipasuke. Lakini Baba, mengine utamwambia wewe. Mimi siwezi kukaa na siri ndani ya nyumba yake kwa muda mrefu. Sina kipaji hicho.

Sasa aibu yangu. Kazi yangu ni kuangalia meno. Barabarani, benki, msibani, siwezi kujizuia. Tulipokuja kwako nilikaa na wewe chumba kimoja saa tatu, na sikuona kitu, kwa sababu muda wote nilikuwa nimeinamisha kichwa kwa adabu za ukwe. Nimeyajua mazulia yako yote. Kumbe wewe umejificha nyuma ya gazeti, na mimi nimeinama natazama sakafu, kila mmoja anadhani mwenzake hamtaki. Tungekuwa na adabu kidogo pungufu tungeokoa miaka.

Ule ufizi wa meza siung'oi tena. Lakini kipande ulicho nacho mfukoni, kitupe. Nitakupa kizuri zaidi.

Mkweo,
Fundi Meno


14 Julai

Mwanangu,

Nimefika salama. Mama mkwe wako amenizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe, akaniambia niseme neno "sisimizi". Nikasema. Akaniambia niseme tena.

Kwanza kazi. Miguu tuliyofunga iko sawa, lakini usije ukashawishika kukaza zile skrubu. Tulizitobolea mashimo marefu makusudi ili ubao ukivimba msimu wa mvua upate pa kwenda. Ukizikaza utasikia mlio kama bunduki na meza itakuwa vipande viwili. Mafuta upake tena baada ya mwezi, kwa kitambaa, mkono mwepesi. Na kile kiti cha upande wenye tumbo ni kifupi. Nimekinyamazia wiki mbili, sasa nimesema.

Meno yako nayavaa. Ya chini yananikwaruza kidogo kushoto, hayo utayamaliza nikija Agosti. Juzi nimekula karanga. Nimezitafuna taratibu, moja moja, watu wakaja kuangalia. Wazee watatu wa mtaa huu wananiuliza ni nani aliyenitengenezea. Nawaambia ni mwanangu, halafu nawaacha wahangaike, maana wanajua sina mtoto wa kiume.

Sasa nikuambie lile ambalo hulijui.

Jumanne, siku moja kabla sijaondoka, ulikwenda kazini mapema. Tukabaki mezani mimi na binti yangu, tunakunywa chai na mkate. Tulikuwa tumekula wote pale siku kumi, nimeuma nyama mbele yake, nimecheka mbele yake, na yeye alikuwa ananiangalia tu, kila siku. Hajauliza. Asubuhi ile akauliza. Akasema, "Baba, ile homa ya harusini ilikuwa homa gani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nayo tangu nikiwa kwenye basi, mazuri kabisa, na sasa nina meno ya kuyasemea. Hayakuja hata moja. Basi nikayatoa meno. Nikatoa ya juu, nikatoa ya chini, nikayaweka juu ya meza mbele yake, nikamtazama na uso wangu ulivyo, mashavu yameingia ndani, mdomo umeanguka. Miaka yote ile hakuna mtu aliyeniona hivyo isipokuwa mama yake, daktari wako na wewe.

Aliyatazama meno, akanitazama mimi, akayatazama tena. Alikuwa anahesabu, nadhani. Homa, patasi, karatasi ya mjomba wake, gazeti, simu. Niliona yanamfikia moja baada ya jingine. Nilidhani atanikasirikia, na angekuwa na haki, kwa sababu nilimnyima baba siku ile aliyomhitaji, kwa sababu ya vitu vinavyokaa kwenye glasi.

Akasema, "Yarudishe, Baba. Chai inapoa."

Nikayarudisha. Ya chini yaliingia vibaya, nikaanza upya. Akanisubiri. Akasogeza kiti chake kwangu, kile kifupi, akaniwekea kichwa begani kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo nikirudi na vumbi la mbao, akalia. Nami nikalia, mtu mzima. Kisha akaniambia nimwelezee nasaha za harusi, zile nilizoandika, kwa mdomo wangu mwenyewe, na nisiruke mstari.

Nilimwambia zote. Ulipokuja mchana ukatukuta tunaosha vikombe, ukatuuliza mbona macho mekundu, tukakwambia ni moshi. Hakukuwa na moshi. Yeye hatakusimulia, ndiyo maana nakusimulia mimi. Siri tumemaliza katika familia hii.

Baba yako